Vitunguu vyekundu kutoa majani bila kichwa

Dadangu wa Likoni, umesema vitunguu vyako vinatoa majani tu bila kufunga kichwa, na kwamba mbegu uliletewa kutoka Uingereza. Hapo ndipo penye tatizo, si mkono wako. Vitunguu vingi vya kule havianzi kufunga kichwa mpaka urefu wa mchana ufike saa 14 au zaidi, na hapa Mombasa mchana una urefu wa kama saa 12 mwaka mzima. Hata uvipalilie vipi, vitabaki majani. Tafuta mbegu za Bombay Red au Red Creole, aina zinazofunga kichwa hata kwa mchana mfupi kama wetu, kwenye duka la pembejeo.

Sia kitaluni Septemba, na miche ikifikia unene wa penseli, hamisha. Acha sentimita 10 kati ya mche na mche, na usiizamishe: mizizi tu ndiyo ifunikwe vizuri, maana kichwa hukaa nusu juu ya udongo. Ukivuna Februari au Machi, utakuwa umeitangulia masika, na kwa unyevu wetu wa pwani hilo ni jambo kubwa mno.

Maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, tumia ya mvua au ya kununua, kwa sababu kitunguu hakivumilii chumvi kabisa. Samadi iliyooza changanya kabla ya kupanda. Vichwa vikianza kujaa usiongeze mbolea ya kukuzia, shingo zitanenepa na vitunguu havitakaa muda mrefu bila kuoza.

Majani yakianza kulala, acha kumwagilia. Ng'oa, vianike kivulini penye upepo mpaka shingo zikauke kabisa, ndipo ukate majani.