Nikeli ipo, shida ni asidi

Ndugu uliyeuliza kwa nini wasiachane na platinamu watumie nikeli kutoa haidrojeni kwenye maji kwa umeme, mbona wanatumia tena kitambo sana, zile mashine za alkali zenye maji ya potasiamu haidroksaidi elektrodi zake (vile vipande vya metali vinavyoingiza umeme majini) ni nikeli tu. Ishu iko kwenye zile za PEM, yaani zenye utando mwembamba unaopitisha protoni katikati ya elektrodi, mle ndani ni asidi kali, ukiweka nikeli tupu inalika mpaka inaisha. Platinamu ujanja wake ni kwamba inaishika atomu ya haidrojeni kiasi tu, haiing'ang'anii wala haiiachii mapema, ndo maana mapovu yanatoka fasta. Kwa mbadala wake kuna molibdenamu salfaidi, ileile inayowekwa kwenye grisi, mwaka 2007 ikaonyeshwa kazi inafanyika kwenye kingo za vipande vyake sio kwenye ubapa, kwahiyo unaitengeneza vipande vidogovidogo upate kingo nyingi. Asidi inaivumilia ila kasi bado haijaifikia platinamu. Halafu mi naona watu wanakomaa na platinamu tu wakati kwenye elektrodi ya pili ya hizo PEM, inakotoka oksijeni, kuna iridiamu, metali adimu kuliko hata hiyo, na kupata mbadala wake ndo kipengele haswa.