Nimonia ya mtu mzima pasipo eksirei: nimtibu nyumbani au nimpeleke Wete?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni tabibu wa kituo kidogo cha afya huku mashamba ya Wete, Pemba. Nina mgonjwa wa miaka 47, mchumaji wa karafuu. Leo siku ya nne anakohoa, joto 38.7, makohozi rangi ya kutu, kichomi ubavu wa kulia, na nikimsikiliza napata mikwaruzo chini ya pafu hilo. Malaria nimempima, hana. Eksirei hatuna. Nimpe dawa arudi kwake, au nimpeleke hospitali mjini? Watu wake wanashikilia apigwe sindano.

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kwa ulivyomweleza hiyo ni nimonia, na kukosa eksirei kusikuzuie kuanza dawa leo. Kinachonikera ni jengine: umeniandikia joto, rangi ya makohozi na sauti ya pafu, lakini anavuta pumzi ngapi kwa dakika hukusema. Rudi ukamhesabu. Mkalishe, hesabu dakika nzima, wala usimwambie, maana mtu akijua anahesabiwa pumzi zake hubadilika. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha mara 4, ukikosea pumzi mbili umekosea nane.

Kisha mpe alama moja kwa kila kimoja kati ya hivi: amechanganyikiwa akili, pumzi 30 au zaidi, namba ya juu ya presha chini ya 90 au namba ya chini 60 kushuka, umri 65 au zaidi. Hicho ndicho kipimo cha CRB-65, cha kujua ukali wa nimonia. Akipata sifuri, kwa kawaida anatibika nyumbani. Moja au mbili, aangaliwe hospitali. Tatu au nne, aondoke sasa hivi, gari ya asubuhi isingojewe.

Ila kipimo hicho hakizijui njia za kwenu. Mwenye sifuri anayelala peke yake shambani, au anayetapika kila anachomeza, mimi humpeleka. Vivyo hivyo mjamzito, mwenye VVU, au oksijeni yake ya damu ikiwa chini ya asilimia 92. Na kile kipimio cha kidoleni kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo ukiona 94 na mtu anahema, amini macho yako.

Sindano hahitaji ikiwa anameza. Amoksilini hufyonzwa vizuri tumboni: miligramu 500 mara 3 kwa siku, siku 5. Mpe dozi ya kwanza mbele ya hao watu wake, akiinywa kwa maji yako. Husaidia kuliko kubishana nao. Aliyewahi kudhuriwa na penisilini mpe doksisaiklini, miligramu 200 siku ya kwanza, halafu 100 kila siku hadi zitimie siku 5, isipokuwa mjamzito. Ikiangukia Ramadhani, mwambie wazi kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula. Nimeshaona dozi tatu zikibanwa kati ya futari na daku.

Levofloksasini, antibiotiki nyengine, usiianze kwa pupa. Huweza kumpa nafuu mwenye kifua kikuu kwa muda, ukachelewa kumgundua. Muulize tena hicho kikohozi ni cha siku nne kweli, au ndiyo siku alizokuja kukijali. Kikiwa cha wiki 2, makohozi yapimwe. Na wale wa makohozi ya kijani wasio na homa wala mikwaruzo, wanaohema sawasawa, mara nyingi ni mkamba tu, yaani uvimbe wa njia za hewa. Hao antibiotiki haiwafai kitu, na kikohozi chaweza kuwakaa wiki 3.

Mgonjwa wako arudi baada ya siku 2, hata akijisikia mzima. Homa ikiwa haijashuka, au pumzi zimepanda, mpeleke Wete. Akipata nafuu, mwambie kikohozi na uchovu vyaweza kufika wiki 6, na kupanda mkarafuu bado. Simu chukua ya mkewe. Yake itakuwa imeshapanda naye juu.