Watoto wa miaka mitatu waandikishwe darasa la awali?

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Handeni. Darasa letu la awali lina watoto 58 na mwalimu mmoja. Kila asubuhi wengine kama 15, wa miaka mitatu na minne, wanafuatana na kaka na dada zao. Wazazi wanasema shule haina ada, tuwaandikishe. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, usiwaandikishe kwenye daftari la awali. Mzazi anayekuambia kwamba Sera ya Elimu ya 2014 inataja miaka 3 hadi 5 hakosei. Ila darasa lenyewe limepangwa kuwa la mwaka mmoja, kwa mtoto wa miaka 5. Aliyeingia na mitatu atamaliza mwaka bila kufikia umri wa darasa la kwanza. Atarudia nyimbo na namba zilezile mwaka mwingine, au atasukumwa juu kabla ya wakati wake.

Halafu kuna choo. Mtoto wa miaka mitatu huogopa tundu la mtu mzima, hawezi kufungua kaptula, na lazima asindikizwe. Mwalimu wako akitoka naye, waliobaki darasani hawana mtu. Uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, nawe tayari umeuvuka zaidi ya mara mbili. Ukiongeza hao 15, watakaoumia kwanza ni wale wa miaka 5, ambao huu ndio mwaka wao pekee.

Kuwafukuza getini nako si jibu, maana wengi nyumbani hawana wa kubaki naye. Peleka hoja kwenye mkutano wa kijiji: kianzishwe kituo cha kijamii cha kulelea watoto, kama inavyohimizwa na ile programu ya taifa ya malezi na makuzi (PJT-MMMAM) iliyozinduliwa Desemba 2021. Usajili unapitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kinaweza kukaa jirani na shule, mradi kiwe na chumba chake, walezi wake, matundu madogo ya choo, mkeka wa kulalia na uji wa saa nne. Uji na posho ya walezi wazazi wakubaliane mapema. Vituo vingi hufia hapo.

Kuhusu umri, usitegemee maneno. Asiye na cheti cha kuzaliwa aje na kadi ya kliniki.