Masaji: mteja akiomba "huduma ya ziada", na maswali yenu mengine

Maswali ya safari hii yametoka Arusha na Moshi, mengi kwa watu wa masaji wenyewe, moja kwa mteja. Naanza na lile lililoniuma.

Shikamoo dada. Nafanya masaji Njiro, huu mwaka wa pili. Mteja aliniomba "huduma ya ziada", nikakataa, akaondoka bila kulipa. Bosi anasema hela hiyo ataikata kwenye mshahara wangu, na nikirudia nitafute kazi kwingine. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Ulifanya sawasawa, na sheria inakulinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasira zake. Akidai umemtia hasara, lazima iwe ni kwa kosa lako, akuandikie sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujitetea, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Mteja aliyekwepa kulipa kwa sababu amenyimwa ngono si kosa lako hata kidogo.

Kuhusu kufukuzwa, sheria hiyohiyo inasema kukataa jambo ambalo mwajiri hana haki ya kukutaka ulifanye si sababu halali ya kukuachisha kazi. Miezi 6 ya mwanzo umeshaivuka, kwa hiyo kinga hiyo ni yako. Akikuachisha, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Usikae nyumbani ukisubiri akuombe radhi, siku zinakwenda.

Leo hii nunua daftari. Andika tarehe, saa, alichosema mteja na alichosema bosi, neno kwa neno. Meseji zake usifute.

Ikitokea tena, ondoa mikono kabisa mwilini mwake, sogea mlangoni, kisha sema kwa sauti ya kawaida: "Kaka, hapa ni masaji tu. Natoka, vaa nguo, tukutane kaunta." Usicheke ili kupunguza aibu, maana wapo wanaokichukua kicheko kama kukubali. Na hii ndiyo sababu napinga vyumba vya masaji vyenye komeo la ndani. Mabosi mnaonisoma, yang'oeni, na pale kaunta andikeni wazi kwamba hapa hakuna huduma ya ngono. Msimwachie binti wa watu kazi ya kulitetea jina la biashara yenu akiwa peke yake chumbani.

Menyu yetu ina bei za dola kwa sababu wateja wengi ni watalii wanaotoka safari. Kuna tatizo?

Lipo. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa 28 Machi 2025 zinakataza kutangaza bei, na kupokea malipo ya huduma za hapa nchini, kwa fedha za kigeni. Mtalii alipe kwa shilingi au kwa kadi. Dola zake akabadilishe benki au duka la fedha. Chapisheni menyu upya.

Niko Moshi. Mgeni ameshuka Kilimanjaro jana kwa lango la Mweka. Anataka nimkande mguu wa kushoto tu, shavu la mguu limevimba na anasema linauma sana. Nitumie nguvu kiasi gani?

Usiuguse. Anayeshuka mlima hulalamikia mapaja na magoti, na kwa kawaida ni miguu yote miwili, kwa sababu ya ule mteremko mrefu. Mwambie akunje suruali, itazame miguu ikiwa pamoja. Mmoja ukiwa mnene kuliko mwenzake, una joto, unauma au umebadilika rangi, huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Ukiukandamiza, kipande kinaweza kung'oka kikaenda hadi kwenye mapafu, na mtu akafa. Mgeni wa aina hii amekaa kwenye ndege saa nyingi, kisha amepanda kwenye hewa haba ambako mwili hupoteza maji na damu huwa nzito.

Usimwambie "damu yako imeganda", wewe si daktari. Mwambie: "Mguu huu siukandi mpaka daktari auone." Mrudishie hela yake, mpigie kiongozi wake wa msafara, aende hospitali ya KCMC leo hii. Akiwa anahema kwa shida au kifua kinabana, hiyo ni dharura, msisubiri hata chai.

Mimi ni mama wa makamo, Majengo, Moshi. Wanangu walinilipia masaji. Binti wa pale akaniambia nivue kila kitu, nikaona aibu, nikaondoka. Nilikosea?

Shikamoo mama. Hukukosea, alikosea yeye kutokukueleza. Unavua kiasi unachoridhia mwenyewe, naye anatakiwa atoke nje wakati unavua. Unalala chini ya shuka, au kanga yako ukipenda, na kinachofunuliwa ni sehemu inayokandwa tu: akimaliza mgongo anaufunika ndipo anafunua mguu. Kabla ya yote akuulize kuhusu presha, sukari, operesheni na mzio wa mafuta. Una haki ya kuomba mwanamke akuhudumie, na ya kusema "basi, inatosha" katikati ya kazi. Wapigie kwanza, waulize haya; wakikujibu vizuri, rudi, maana hela ya wanao imeshalipwa.

Sisi wa masaji tukimuuliza mteja kuhusu presha na sukari, majibu tunayaandika kwenye daftari la kaunta. Kuna ubaya?

Daftari ambalo kila anayesubiri anaweza kulifunua ni ubaya mkubwa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti. Kila mteja awe na fomu yake, na fomu zikae kwenye kabati lenye ufunguo. Ulizeni yanayohusu kazi tu. Na picha ya mteja akiwa kitandani msiiweke status bila ridhaa yake ya maandishi, hata kama uso hauonekani.