Jibu: Notisi ya faragha iende na kila sprinti

Ndugu, umeuliza mfanyeje ikiwa mnatoa toleo jipya la programu yenu kila wiki mbili (kila awamu hiyo fupi ya kazi ndiyo sprinti), na notisi ya faragha, yaani maelezo ya mnavyotumia taarifa za wateja, iliandikwa na mwanasheria mara moja tu. Kwa kuwa mko Nairobi, anzeni na kifungu cha 29 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: mtu aambiwe kabla taarifa zake hazijakusanywa, ni za kazi gani na nani mwingine atazipata.

Kwa hiyo kila tiketi, yaani kazi moja kwenye orodha ya timu, inayogusa taarifa za mtu iwe na sentensi ya kumweleza mteja, na bila hiyo kazi isihesabiwe imekwisha. Tuseme mnaongeza kitufe cha "Niletee hapa". Sentensi iwe: "Tunasoma mahali ulipo unapoagiza tu. Dereva ataona. Tunafuta baada ya siku 30." Ikae pale pale kwenye kitufe, isifichwe ndani ya masharti. Mkishindwa kuiandika kwa lugha nyepesi, mara nyingi hamjui mnaitaka data hiyo ya nini. Iacheni.

Kagueni pia vifurushi vya matangazo na takwimu, yaani msimbo uliotengenezwa na wengine, mlivyochomeka kwenye programu. Huko data hutoka kimyakimya, na hakuna tiketi inayosema.