Barua kwa mwanangu: kwa nini Azymuth hawachuji

Marahaba mwanangu. Salamu zako nimezipata, mama yako naye anakusalimia sana, huku tuko wazima kabisa.

Umeniambia kwenye meseji yako kwamba mlienda muziki na wenzako huko London, DJ akapiga Jazz Carnival ya Azymuth, ile bendi ya Brazil, na ukumbi mzima ukalipuka, watoto wa miaka ishirini na kitu, halafu mwenzako mmoja akasema ni fasheni tu ya watu wa kukusanya santuri za zamani, itapita. Ukaniuliza, baba wewe uliyepiga besi miaka yote hiyo, ni kweli ni fasheni? Mbona wimbo umenizidi umri na bado unasikika kama umetoka jana? Nilitaka kukutumia voice note nikaona haitatosha, ngoja nikuandikie.

Sio fasheni mama. Wimbo huo uko kwenye albamu ya Light as a Feather ya 1979, na Januari 1980 uliingia ishirini bora hapo hapo Uingereza, muziki wa vyombo, wa jamaa watatu kutoka Rio: José Roberto Bertrami kwenye kinanda, Alex Malheiros besi, na Ivan Conti waliyemzoea kwa jina la Mamão kwenye dramu. Toka hapo kila kizazi cha wachezaji kimekuja kikaukuta na kuuchukua. Fasheni gani inakaa miaka 40 na ushee?

Sasa nikwambie ninavyoisikia mimi, kutokea chini kwenye besi. Funk, ule muziki wa dansi wa Mmarekani James Brown, uzito wote uko pigo la kwanza, ndivyo alivyokuwa anawabana wanamuziki wake, moja iwe nzito, huko kwingine jazeni mnavyotaka. Samba iko kinyume. Hesabu moja mbili, moja mbili, ile ngoma yao kubwa wanayoiita surdo inaanguka kwenye mbili, ile moja inaguswa kidogo tu. Sasa hawa Wabrazil wa miaka ya sabini walivyochanganya, besi inakung'ang'aniza kwenye moja, dramu inakuvuta kwenye mbili, mwili unavutwa huku na huku na ndo maana watu wanashindwa kusimama wima. Halafu msikilize Mamão zile sahani za mguu, hi-hat, zile tiki tiki tiki hazilingani, kuna zinazowahi na zinazochelewa kidogo kidogo, ndivyo samba ilivyo, na mashine ukiipangia ipige hivyo inapiga vipande vyote sawa sawa na utamu unaisha hapo hapo. Nimepiga na madrama wengi wazuri mwanangu, kwenye hoteli na kwenye harusi, wa kuweza hiyo ni wachache sana.

Kuna kitu kingine nataka ukisikilize, kuna wimbo wao wa 1975 unaitwa Melô da Cuíca. Cuíca ni ngoma ndogo, kwa nje ukiiona utadhani ya kupigwa, kumbe ndani kuna kijiti chembamba kimefungwa katikati ya ngozi, mpigaji anaingiza mkono na kitambaa kilicholowa maji anakisugua kile kijiti, mkono mwingine unabonyeza ngozi kwa nje, akikaza sauti inapanda, akilegeza inashuka, inalia, inacheka, inaguna kama mtu. Ngoma za kusugua za namna hiyo wanazo watu wa Angola na Kongo, na wataalamu wengi wanasema ndiko ilikotoka, ilivuka na watu waliobebwa utumwani. Rio kuna gati la zamani linaitwa Valongo, waliteremshwa hapo mamia ya maelfu ya Waafrika, wengi kutoka Kongo na Angola, na baadaye hadi wa Msumbiji huku kwetu Pwani ya Mashariki. Kwa hiyo ukisikia cuíca inalia juu ya sintesaiza ya Bertrami, ujue unasikia kitu cha zamani sana kimekaa juu ya mtambo uliokuwa mpya kabisa wakati ule. Mitambo ya kisasa inachuja haraka, sote tumeona vinanda vya miaka ya themanini vilivyochuja, lakini wao chini waliweka kitu ambacho tayari kilikuwa kimevuka bahari na kikaishi, hicho hakiwezi kuchujishwa na miaka 40. Hilo ndilo jibu langu hasa, mengine yote ni nyongeza.

Nyongeza ya kwanza, hawa walikuwa wafanyakazi wa studio. Jina lenyewe la bendi walilichukua kwenye wimbo wa Marcos Valle, wa filamu ya 1973 ya yule dereva wa mbio za magari Emerson Fittipaldi. Walikuwa wanaitwa kumpigia huyu na yule, mchana wanasindikiza waimbaji, usiku wanapiga vilabuni, na kazi hiyo inakufundisha kutojaza. Msikilize Bertrami kwenye Rhodes, kile kinanda ambacho ndani yake vinyundo vinagonga vyuma vyembamba na sauti inanaswa na pikapu kama za gitaa, anagusa kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, halafu anaiacha ilie mpaka ikaribie kufa ndo anagusa nyingine. Vijana wa kinanda niliopiga nao wengi walikuwa wanaogopa hiyo nafasi, wanataka kuijaza yote.

Na huo wimbo wa cuíca uliwekwa kwenye tamthilia ya TV Globo, Pecado Capital. Yaani mama wa nyumbani Brazil alikuwa anausikia kutoka sebuleni huku anapika. Banda Black Rio vile vile, bendi ya mpiga saxafoni Oberdan Magalhães, wimbo wao Maria Fumaça wa 1977 ulikuwa ndo wa kufungulia tamthilia ya Locomotivas. Huu haukuwa muziki wa wajuzi wachache wamejifungia chumbani, ulizaliwa katikati ya watu, na mimi naamini ndo maana mpaka leo hauhitaji maelezo ili mtu anyanyuke kwenye kiti.

Usisahau na wakati wenyewe. Brazil ilikuwa chini ya wanajeshi tangu 1964, na Desemba 1968 wakatoa amri kali zaidi, maneno ya nyimbo yanapelekwa kwa wakaguzi, Gilberto Gil na Caetano Veloso wakakamatwa na baadaye wakaishia uhamishoni hapo hapo London ulipo. Huku vitongoji vya kaskazini vya Rio vijana weusi kwa maelfu wanajaza madansi ya soul kila wikiendi, afro kubwa, viatu virefu, magazeti yakaita Black Rio na polisi wa siasa wakawa wanawachunguza eti wana ajenda gani, watoto wanacheza tu wakiwa wamependeza! Mimi nikisikia tarumbeta za Banda Black Rio nasikia watu waliokataa kuambiwa wachague moja, ama uwe wa samba ama uwe wa soul.

Lakini stori inayonigusa kuliko zote ni ya Arthur Verocai. Mpangaji wa muziki, hodari kweli kweli, 1972 akatoa albamu yenye jina lake, vinanda, violini, besi ya funk, kila kitu, ikapita kimya haikununuliwa. Akaenda zake akawa anaishi kwa kutengeneza muziki wa matangazo ya biashara. Miaka 30 ikapita. Watu wa hip hop Marekani wakaanza kuchota vipande vyake, 2003 ikatolewa upya, na 2009 mzee akaitwa Los Angeles akasimama mbele ya okestra kuipiga albamu nzima, ukumbi umejaa vijana wanaoijua. Ile santuri ya mwanzo kabisa watu wanailipia maelfu ya dola siku hizi. Nafurahi sana kwamba aliyaona kwa macho yake, maana wangapi huku kwetu walirekodi kanda nzuri na wakaondoka bila kuona hata mmoja anarudi kuzitafuta.

Kwa hiyo mwenzako hajakosea kwamba wakusanyaji wapo na wanasaidia kweli, hapo London kampuni ya Far Out imekuwa inatoa kazi za Azymuth tangu miaka ya tisini. Ila mkusanyaji hawezi kumchezesha mtu asiyetaka. Mamão alipokuwa tayari mtu mzima alitafutwa na Madlib, prodyuza wa hip hop wa California, wakatoa albamu pamoja 2008 kwa jina la Jackson Conti, na aliyempeleka huko ni mkono wake ule ule wa samba.

Bertrami alifariki 2012, kinanda akakishika Kiko Continentino. Mamão naye akatutoka Aprili 2023, nilikaa siku nzima naisikiliza dramu yake tu, mama yako ni shahidi. Malheiros yeye ana binti yake Sabrina, ni mwimbaji, ameshatoa albamu zake kadhaa, tafuta Equilibria ya 2005, na huku nyuma baba anampigia besi. Anza na hiyo wikiendi hii, kisha Maria Fumaça, kisha Verocai, na usikilize kwa spika, simu haina besi mwanangu, utaikosa nusu ya muziki. Ukimaliza niambie kwenye Maria Fumaça umeisikia ile mbili inaangukia wapi, na kama yule DJ huwa anapiga kila Jumamosi nitumie jina la ukumbi, nikija mwakani unipeleke.

Baba yako