Maswali na Majibu: Kibaba cha C, Gunia la Python

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja: cheksamu, ile namba fupi inayobandikwa mwishoni mwa data ili mpokeaji ajue kama imefika nzima. Za safari hii ni za aina iitwayo CRC, na namba inayofuata jina, kama 16, ni idadi ya biti (sifuri na moja) zake. Watu wanaihamisha kutoka lugha moja ya programu kwenda nyingine, na majibu hayalingani.

Mkuu, nimehamisha CRC-16 ya QR ya malipo kutoka C kwenda Python, mstari kwa mstari. C inatoa herufi nne, Python inanipa linamba lirefu ajabu. Nimekosea mstari gani? (Morogoro)

Hakuna uliokosea, na ndiyo maana hauonekani. Kule kwenye C, crc ilitangazwa kuwa uint16_t, yaani kibaba cha biti 16. Ukijaza kupita ukingo, kinachozidi kinamwagika kimyakimya, na aliyeandika ile hesabu alikuwa anautegemea mmwagiko huo bila kuuandika popote. Python haina kibaba. Ina gunia, na gunia lenyewe linanyumbuka.

Chukua thamani ya kuanzia, 0xFFFF (0x ni alama ya heksadesimali, namba za msingi wa 16), ambayo ni 65535. Isogeze biti moja kushoto. Python inakwambia 131070, C inabaki na 65534. Sasa rudia mara nane kwa kila herufi ya ujumbe, uone linamba linavyonenepa. Dawa ni kumwaga kwa mkono wako:

crc = (crc << 1) & 0xFFFF

Kichekesho ni kwamba ukiliandika linamba lako kwa heksadesimali, tarakimu nne za mwisho ndizo jibu sahihi. Kwa hiyo wapo wanaokata mwishoni tu, na inafanya kazi. Mimi siipendi tabia hiyo. Siku utakapohamia mbinu ya jedwali la namba 256 ili kuongeza kasi, crc >> 8 itakuwa kubwa kuliko jedwali, na Python itagoma.

Na kwa kuwa ni QR ya muundo wa EMVCo, kiwango cha QR za malipo, mambo mawili zaidi. Zile herufi "6304" zinazotangulia cheksamu nazo zinaingia kwenye hesabu. Pili, usitumie hex(): inadondosha sifuri za mbele. Andika format(crc, '04X'). Bila hivyo, kwa wastani QR moja kati ya 16 itatoka na tarakimu pungufu, nawe utaapa kwamba simu ya mteja ndiyo mbovu. Niliwahi kupoteza wikendi nzima namna hiyo.

Ndugu mwandishi, nasoma mita za umeme kwa Modbus (utaratibu wa mawasiliano ya mashine), na bosi anataka CRC ihesabiwe ndani ya Excel. Kwenye VBA, lugha ya programu ya ndani ya Excel, natoka kapa kabisa. (Mombasa)

Pole. VBA haina alama za kusogeza biti, kwa hiyo kusogeza kulia unakufanya kwa kugawa kwa mbili: crc \ 2. Hilo naamini umeshaligundua. Mtego uko kwingine: ukiandika &HFFFF, VBA inaisoma kama namba ya biti 16 yenye alama ya chanya au hasi, na kwake hiyo ni -1. Sasa -1 \ 2 ni sifuri, kwa hiyo hesabu inaharibika ikiwa bado mlangoni. &HA001 nayo inageuka -24575. Ongeza alama ya & mwishoni, &HFFFF& na &HA001&, na utangaze crc kuwa Long.

Jipime kwa ombi hili la kusoma rejista 10 (visanduku vya namba ndani ya mita): 01 03 00 00 00 0A. Baiti (mafungu ya biti nane) zinazofuata lazima ziwe C5 CD. Ukipata CD C5, hesabu yako ni nzima ila umepanga kinyume. Modbus hutanguliza baiti ya chini, yaani nusu ya kulia ya namba.

Shikamoo mwalimu. CRC-32 yangu ya Java inatoa namba hasi. Cheksamu inaweza kuwa hasi kweli? (Iringa)

Marahaba. Biti ni zilezile, ni usomaji tu. Kipimo cha dunia nzima ni maneno "123456789": CRC-32 yake ni CBF43926, sawa na 3421780262. Java ikiiweka kwenye int, yaani kibaba cha biti 32 chenye chanya na hasi, inaonyesha -873187034. Ichapishe kwa Integer.toHexString utaiona iko salama.

Ila kagua ndani ya kitanzi: tumia >>> na si >>, kwa sababu >> inaburuza alama ya hasi. Na byte ya Java inaanzia -128 hadi 127, hivyo andika b & 0xFF kabla ya kuitumia. Wenzako wa JavaScript, ili namba isitoke hasi, nao wamalizie na >>> 0.

Mimi na rafiki yangu tunapima "123456789" kwa polinomia (namba ya kugawia) ileile 0x1021. Yeye anapata 29B1, mimi 31C3. Nani yuko sahihi? (Nairobi)

Nyote. Yeye ameanza na 0xFFFF, wewe na 0. "CRC-16" ni jina la ukoo, si la mtu. Kabla ya kuhamisha hata mstari mmoja, uliza thamani ya kuanzia, mwelekeo wa biti, na namba inayofanyiwa XOR mwishoni (biti zikilingana 0, zikitofautiana 1). Kwa QR ya malipo, rafiki yako ndiye aliyeshika njia.

Hii cheksamu itamzuia tapeli kubandika QR yake juu ya ya duka langu? (Unguja)

Hapana. Yeye naye anahesabu CRC yake, na itakuwa sahihi kabisa. Cheksamu inashika data iliyoharibika kwa bahati mbaya tu. Mwambie mteja asome jina linalotokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri, na asubuhi ukifungua duka pitisha kidole kwenye stika.